Kichwa cha Mzee wa Jiweni

Bi Sindano hakuwa na digrii, ila kwa mikono hakuwa na mpinzani. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye karakana ya makumbusho, jicho kwenye hadubini, akichokoa visukuku, mabaki ya viumbe wa kale, kutoka kwenye mawe kwa sindano, chembe kwa chembe. Hakuwahi kuvunja hata kimoja, na sifa hiyo aliilinda kama mboni ya jicho.

Asubuhi hiyo Daktari, mtaalamu kijana mwenye haraka zake, aliingia bila salamu, kama kawaida yake.

"Fundi, jiwe langu tayari? Mchana linafungiwa kwenye kabati la kioo."

Kwenye jiwe alilala mdudu wa baharini, urefu wa kidole, umri zaidi ya miaka milioni mia tano. Alikuwa miongoni mwa wanyama wa mwanzo kabisa kuwa na mbele na nyuma, kushoto na kulia, ramani ile ile ya mwili tunayotembea nayo sisi. Alipatikana huyo mmoja tu. Daktari alikwishamchora, kichwa akakiweka upande mpana.

"Kichwa umekiweka siko, mwanangu."

"Mama, hawa nimewasomea."

"Na mimi nimewasafisha. Tazama utumbo. Upande huu mwembamba matope aliyokula ni laini, kule yamekuwa vidonge. Chakula kikishakuwa vidonge kinaelekea wapi? Hapo unapopaita kichwa ndio mlango wa uani."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kichwa kimefunikwa na jiwe upande huu mwembamba," alisema Bi Sindano. "Niache nichokoe."

"Ukimvunja je? Ni huyu huyu mmoja!"

"Nikimvunja, sindano hizi nazikabidhi leo leo."

Hakuwa akitania. Kwa saa tatu nzima alichokoa, Daktari akimpumulia shingoni.

"Sogea, unaniziba mwanga."

Chembe ikaruka, ikafuata nyingine. Vikatokea vidoa viwili vyeusi, kimoja kushoto, kimoja kulia, na kati yake mdomo.

Furaha ilimjaa Bi Sindano hata akavua miwani afute machozi.

"Shikamoo, mzee," alimwambia yule wa jiweni. "Utusamehe. Siku zote hizi tulikuwa tunasalimia makalio."

Daktari aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinua uso, hakuuliza habari za jiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete ule mchoro tuugeuze."