Boneti Kati Yangu na Mama Mkwe

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, na gari likaugua.

Mgeni huyo alikuwa mama mkwe. Alifika Keringet jioni ya mvua, juu ya lori la mbao, na hakuficha kilichomleta: alikuja kumchukua binti yake. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amezaliwa mfu, na tangu hapo mke wangu alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Kwetu magharibi, mke akirudi kwao kuuguzwa, bila kuacha mtoto nyumbani kwa mumewe, mara nyingi ndiyo basi, harudi tena. Mimi nililijua hilo, mama mkwe alilijua, na kambi nzima ya vibarua ililijua pia.

Kwa lori mke wangu asingeweza kusafiri. Barabara ya kushuka hadi stesheni ya Molo ilikuwa matope na mashimo, na mtu mzima wa afya akishuka kwenye lori huhesabu mbavu zake. Kwa hiyo ni gari langu ambalo lingempeleka. Lilikuwa boksibodi kuukuu, mbele bati, nyuma mbao, ambalo bwana mwenye shamba alilichoka akaniuzia kwa kunikata mshahara. Mimi nilikuwa karani wa kupima maua ya pareto. Kila mwezi sehemu ya mshahara iliingia kwenye gari, na gari halikushiba.

Asubuhi ya pili nililipiga hendeli, likaanza kukohoa. Lilitikisika lote, likatoa moshi wenye harufu ya petroli mbichi, na nilipolijaribu kwenye kilima kidogo cha kwenda ghalani, likashindwa katikati. Nikalirudisha kinyumenyume hadi mlangoni kwangu, majirani wakiangalia.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, amenipa mgongo. Lazima nieleze jambo hili. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, wala hawalali chini ya paa moja. Heshima hiyo hulegea wajukuu wakizaliwa. Sisi hatukuwa na mjukuu wa kumpa, kwa hiyo ilibaki ngumu. Usiku alilala kwa jirani, na mchana alisema nami kupitia kwa binti yake, hata nilipokuwa hatua chache tu kutoka kwake.

"Ambia bwana yako," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "hii gari ilikuwa mzima wiki yote. Mimi nikifika tu, inagonjeka. Sasa hiyo ni ugonjwa gani?"

Mke wangu alikuwa amelala ndani. Mimi nilihisi uso ukiwaka. Mwanamke yule alidhani nimeliua gari makusudi ili nibaki na mke wangu, na majirani waliocheka walidhani hivyo hivyo. Hasira niliyokuwa nayo! Nilikuwa nimemzika mtoto, nilikuwa silali, na sasa nilikuwa pia mwongo. Nikaapa kwamba gari lile litapona, nije nionekane mtu, hata kama kupona kwake ndiko kutakakonifilisi.

Fundi hatukuwa naye. Yule pekee wa karibu, siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, zilipoanza, alipakiwa kwenye lori pamoja na watu wa kwao wote, akarudishwa Ukikuyu, na spana zake zikabaki zikipata kutu. Wa Nakuru nilisikia tu bei zao. Nilichokuwa nacho ni yale niliyoyaona nikiwa nimeinama pembeni ya yule fundi enzi zake, na bisibisi moja yenye mpini wa mti.

Siku nzima niliipoteza kwenye kabureta. Niliifungua, nikaipuliza, nikaifunga, na gari likakohoa vile vile. Nilichuja petroli kwa kitambaa. Nikakaza kila kilichokazika. Jioni mikono ilikuwa imechubuka na mgongo haunyooki, nami nilitamani tu mtu aniambie niache.

Usingizi wa usiku ule ulikuwa mfupi, lakini ulinikumbusha. Yule fundi alikuwa akiacha injini ikinguruma, kisha anachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, injini hulalamika. Ukichomoa wa ile iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Maiti hata ukimfinya hashtuki.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka watu wawili. Injini yangu haikuweza kunguruma peke yake. Bila mguu kwenye pedali ya mafuta ilizima. Zamani mke wangu ndiye aliyenikanyagia. Sasa hakuweza, na kambi nzima ilikuwa shambani ikichuma pareto. Nilisimama pale, bisibisi mkononi, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Ambia yeye," sauti ikatoka jikoni, "hiyo chuma ya kukanyaga, mimi nitakanyaga."

Niliinua boneti, nikajificha nyuma yake. Nilimsikia akipita, nikamsikia akitandika gunia kwenye kiti changu ili asiketi mahali ninapoketi mimi. Kisha mlango ukafungwa. Boneti ilisimama kati yetu kama pazia, na nyuma ya pazia hilo hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Nikapiga hendeli. "Kanyaga, mama!" nikasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mwenyewe.

Akakanyaga. Nilishika waya wa kwanza kwa kitambaa kikavu, nikauchomoa. Injini ikalegea nusura izime. Wa pili, hivyo hivyo. Nilipochomoa wa tatu, gari liliendelea na kikohozi chake kana kwamba sikuligusa.

"Rudia hiyo," akasema.

Nikarudia.

"Hiyo imekufa," alisema taratibu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Imekufa kweli."

Niliihamisha plagi ya tatu kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza nikaipeleka kwenye ya tatu, ili nijue kama ubovu ni wa plagi au wa waya. Ubovu ukahama na plagi. Nilipoisugua kwa majivu niliona ufa kwenye kauri yake nyeupe, mwembamba kama unywele. Nilimpitishia kando ya boneti bila kuchungulia. Mkono wake ukaipokea, ukapapasa ule ufa.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "nilikufikiria vibaya."

Niliinamia injini nikalia, na sioni haya kusema. Sikulia kwa sababu ya plagi.

Nyapara aliniruhusu kuchukua plagi iliyotupwa ya pampu ya maji. Niliichoma kwenye makaa mpaka masizi yakatoka, nikaipiga brashi, nikaifunga. Gari likanguruma sawasawa. Mama mkwe alipiga kigelegele, majirani waliorudi kutoka shambani wakaja kunipa mkono, na kwa nusu saa hivi nilikuwa mtu. Nilipoingia ndani kumwambia mke wangu, alikuwa amegeukia ukutani.

Kesho yake tuliteremka Molo, wao wawili nyuma kwenye godoro, mimi peke yangu mbele. Injini haikukosa hata mara moja. Stesheni, mama mkwe alitangulia kupanda behewa ili atafute nafasi ya kumlaza binti yake. Nilimshusha mke wangu polepole, nikamshika mkono hadi ukingoni mwa reli.

"Umeitengeneza," alisema.

"Nimeitengeneza."

"Siku zote mbili nilikuwa naomba isipone." Hakuwa ananitazama. "Ingekataa, ningemwambia mama gari hakuna, na mimi ningebaki. Kukataa mwenyewe singeweza. Yeye ni mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Mlikuwa mnaongea, wewe na yeye. Mlikuwa mmepatana."

Ili nimzuie, ningelazimika kuingia behewani na kumkabili mama mkwe uso kwa uso, bila boneti, na kumwambia mke wangu haendi. Nilikuwa nimechoka, na mama yake alikuwa ameniita mwanangu. Nilimwinua mke wangu, nikampandisha. Kisha nikampitishia mzigo wake dirishani, nikitazama chini kama desturi inavyotaka, na mkono wa mama yake ukaupokea.