Sala ya Maharagwe

Katika shule ya serikali niliyokuwa nikifundisha Koboko, upande wa Dranya, wanafunzi wenyewe ndio walioongoza sala ya asubuhi kwenye paredi. Siku nyingi aliomba kiranja wa Wakristo. Ijumaa ilikuwa zamu ya Waislamu. Mimi, Mwislamu wa kabila la Wanubi kutoka Arua na mlezi wa bweni la wasichana, nilisimama na walimu wenzangu nikaitikia zote.

Muhula huo maharagwe yalizidi kupungua, hadi watoto wakawa wanakula posho, yaani ugali, na mchuzi mtupu. Mtunza stoo alikuwa shemeji yake mwalimu mkuu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Asubuhi moja kiranja wa Wakristo, msichana mpole wa bwenini kwangu, aliomba kama kawaida, kisha akaongeza: "Mungu, wewe unaona maharagwe yetu kwa stoo. Unaona na pahali inaenda."

Wanafunzi wakasema amina kwa sauti moja. Nilipofumbua macho nilikuta mwalimu mkuu ananitazama mimi, si yule msichana.

Aliniita ofisini, akaniita dada yangu kama siku zote, akaniuliza ni nani anayewafundisha watoto kuomba hivyo. Nikamwambia sijui. Akasema bwenini mwalimu anayeingia ni mimi peke yangu. Nilitoka nikijua hakuniamini.

Jioni nilimuuliza yule msichana kama kuna aliyemtuma. Hakuacha kufua soksi zake.

"Madam, mimi niliomba tu," alisema. "Jina ya mutu sikutaja."

Nilimwangalia usoni nikashindwa kujua kama ni mcha Mungu au mjanja. Nikaanza kujiuliza ni mwenzangu gani aliyemnong'oneza. Wengine nao walijiuliza hivyo hivyo, maana tangu hapo kila mtu akiingia chumba cha walimu, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua.

Mwalimu mkuu akaamuru Wakristo wasali Baba Yetu peke yake, bila nyongeza. Ijumaa ilipofika, kiranja wa Waislamu alisoma dua fupi kwa Kiarabu, na shule nzima, Wakristo pia, ikaitikia amina kwa kishindo. Mwalimu mkuu akanisogelea.

"Huyu amesema nini?"

"Ameomba heri ya dunia na ya ahera."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mwalimu mkuu."

"Sasa kwa nini wote wanaitikia namna hii?"

Swali hilo hata mimi lilikuwa likinisumbua.

Tuliporudi kutoka likizo tulikuta stoo ina kufuli jipya na mtunzaji mwingine. Yule shemeji, tulisikia, alikuwa Oraba, mpakani, akipakua mizigo ya malori. Maharagwe yakaonekana tena kwenye sahani. Hakuna aliyeshtakiwa wala aliyeombwa radhi, na mwalimu mkuu hakuniita tena dada. Nilipoomba uhamisho wa kurudi Arua, alitia sahihi papo hapo, bila kuniuliza sababu.