Msamaha Nilioushikilia

Dada yangu mkubwa alikuja kwangu Katesh akitokea Mogitu, akakaa kwenye kiti cha wateja kando ya cherehani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiangalia chini. Tulikuwa hatujazungumza tangu msiba wa mama, aliposema mbele ya waombolezaji kwamba nilimtelekeza mzazi.

Alisema amekuja kuomba msamaha. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka kwenye titi lake la kushoto, juu ya gauni. Niligusa uvimbe mgumu, ukubwa wa harage.

Wanawake wa jumuiya yake walimwambia ni hasira iliyoganda. Akipatana na watu wote, uvimbe utayeyuka. Kwa miezi minne alikuwa amepita kwa jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba, kwa wifi yake, kwa mkwewe. Mimi nilikuwa wa mwisho. Hospitali alikuwa hajafika.

Niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kuhusu hasira na saratani ya matiti, maandishi niliyoyapata hayakukubaliana. Mengine yaliwataja wanawake wanaomeza hasira, mengine yalisema uhusiano huo umetafutwa na haukuonekana wazi. Yote yalikubaliana kwamba uvimbe upimwe mapema.

Niliona kwamba nikimsamehe atarudi nyumbani akijihesabu amepona.

"Leo sitakusamehe, dada," nilimwambia. "Tukitoka hospitali, ndiyo."

"Unataka nife na kinyongo chako?"

"Kama ni hasira inayoleta uvimbe, wangu ungekuwa mkubwa kuliko wako. Miaka sita nimekukasirikia."

Alicheka bila kutaka, halafu akanuna. Lakini alilala kwangu, na asubuhi tulikwenda.

Daktari alimuuliza umri, uzazi, ndugu waliougua, na lini aliugusa uvimbe mara ya kwanza. Dada akamuuliza kuhusu hasira. Alijibu kwamba hawezi kusema hasira ndiyo iliyouleta, na kwamba asijilaumu. Akachukua kinyama cha kupima.

Tulirudi kuchukua majibu. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa bado haijasambaa. Tulikaa kwenye benchi la nje.

"Sasa je?" aliuliza.

Nilimwambia nimemsamehe. Akataka kujua kama nasema kweli au namhurumia mgonjwa. Nilimjibu kwamba zaidi ya nusu ni kweli, na iliyobaki naishughulikia.

Akasema inatosha. Akajifunga kitenge vizuri, tukaingia ndani kupanga siku ya upasuaji.