Fishi Kwenye Msumari

Baba yangu alikuwa na tabia moja ambayo sisi watoto wake tuliicheka miaka mingi: umeme ukikatika, alikwenda kuchomoa fishi. Fishi ni ile plagi ya mwisho wa waya. Hapa Likasi tunaiita hivyo. Umeme haupo, mji kimya kutoka Panda hadi Shituru, na mzee anainama polepole, mkono mmoja kiunoni, anachomoa fishi ya mashine ambayo tayari imekufa. Tulimuuliza kama anaogopa itatoroka.

Alikuwa seremala wa mifano. Maisha yake yote ya kazi, kwenye karakana za Panda, alichonga maumbo ya vipuri kwa mbao, na wenzake wakayatumia kutengeneza kalibu za kumiminia chuma. Kosa la unene wa ukucha lilitosha kuharibu kipuri, kwa hiyo alijifunza kupima kwa vidole. Alifumba macho, akapitisha vidole juu ya ubao, akasema: bado hapa. Hakukosea. Kelele za kazi zilimla masikio, lakini vidole vilibaki.

Alipostaafu nikarithi karakana yetu ndogo nyuma ya nyumba, nikanunua ponseze, mashine ya kupigia msasa yenye mkanda unaozunguka. Baba aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Alinifundisha nikunje mikono ya shati, nipitishe waya begani usije ukaingia chini ya mkanda, nifunge kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, na nisiiachie mashine mpaka mkanda usimame kabisa. Hayo yote niliyafuata. La fishi nililiona ni la uzee tu.

Tena nikafanya baya zaidi. Umeme wa kwetu unaondoka bila kuaga na kurudi bila hodi, na kila nyumba ina kitu inachokiacha kimewashwa ili kiwaambie kwamba umerudi. Wengine taa, wengine redio. Balbu ya karakana yangu ilikuwa imeungua, na mimi nikawa mvivu wa kutafuta nyingine. Sasa, ponseze ina kidude pembeni mwa swichi; ukikibonyeza, swichi inabaki imeshikwa hata ukiondoa kidole. Basi umeme ukikatika nilikiacha kidude kimebonyezwa, nikailaza mashine chali juu ya benchi, mkanda ukitazama juu, isije ikatembea ikaharibu mbao. Kisha nikaenda zangu ndani. Umeme ukirudi, mashine inaunguruma, nami najua kazi imeanza. Nilijiona nina akili sana. Hata jirani nilimfundisha.

Siku ile umeme ulikatika mchana, nikiwa katikati ya meza ya mteja. Nikailaza mashine chali, nikaingia kula. Mke wangu alikuwa ametayarisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Sikujua kwamba baba ameingia karakana kuikagua meza ile. Naamini aliipitishia vidole, akasema bado hapa, kisha akataka kujua kama mkanda wa msasa ungali na makali. Mkanda ulikuwa unatazama juu. Akauwekea vidole.

Niliisikia mashine ikiunguruma, na lazima niseme ukweli: nilifurahi. Papo hapo watoto wa mtaa wakapaza sauti, "Courant! Courant!", yaani umeme umerudi, kama wafanyavyo siku zote, na sauti ya baba ikapotelea ndani ya shangwe yao. Nilimalizia tonge. Nilinawa mikono.

Nilimkuta amekaa chini, mkono wa kulia ameuzungushia shati, na ponseze bado inazunguka peke yake juu ya benchi.

"Minye njo niliiwasha," alisema. "Niliigusa mubaya, sikuona."

Masikio yake hayakuwa yamesikia shangwe ya watoto, wala hakujua kwamba umeme ulikuwa umekatika. Alichojua ni kwamba aliweka mkono, mashine ikaamka. Kwa hesabu yake, ni yeye aliyeiwasha. Nikabana swichi kuizima. Kidude kikaruka, na ushahidi ukaisha hapo hapo. Hapo ndipo iliponipasa kusema. Badala yake nikasema, "Pole, papa."

Kwenye zahanati muuguzi aliuliza imekuwaje, na baba akarudia yale yale, mimi nimesimama kando nimeshika kofia yake. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimeliwa nyama. Zilipona, lakini ngozi mpya haisikii kitu. Dada yangu alikuja kutoka Shituru akamgombeza kama mtoto: mzee wa umri huo anatafuta nini kwenye mashine? Akaniagiza nifunge karakana kwa kufuli. Nikafunga. Nilimfungia mlango mtu aliyenifundisha kushika randa, naye akanitazama nikifunga, akatikisa kichwa kukubali.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa mimi, akavunjika mkuu mwenyewe. Wanasema pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miezi minne, na niliipita kila siku nikifungua lile kufuli. Nilikuwa na aibu, na aibu ilinifanya mkali. Nilimjibu baba kwa ukavu, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Siku moja niliporudi kutoka kununua gundi nikamkuta ameketi uani mbele ya mbabula, lile jiko letu la makaa. Makaa yalikuwa yamepangwa vizuri, sufuria ya chai juu yake, na moto hakuna. Nikamuuliza anangoja nini. Akajibu kwamba anamngoja mke wangu arudi sokoni amwashie. Vidole vinauma? Hapana, alisema, haviumi. Ni yeye tu siku hizi hajiamini na vitu vya moto, maana mtu anayewasha mashine bila kujua kwamba ameiwasha, anaweza kuchoma nyumba.

Nikaketi juu ya gogo nikamwambia yote, kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, hata majirani wa ng'ambo ya ukuta wakasikia: balbu, kidude, mkanda uliotazama juu, tonge nililolimalizia.

Yeye aliuliza kitu kimoja tu.

"Na fishi?"

"Ilikuwa mu prise ya ukuta, papa."

"Basi haikukuwa minye."

"Hapana, papa. Ilikuwa minye."

Nilingoja anitukane. Ningelipokea tusi kama zawadi.

"Miezi ine," alisema, "nilikuwa nawaza kichwa yangu iko naisha. Mutoto ya dada yako, nilikatala kumubeba. Nilisema nitamwangusha." Alivigeuza vile vidole viwili, akavitazama. "Vidole nitakusamehea. Ile miezi, sijui bado."

Kisha akaomba kibiriti. Njiti ya kwanza ilimponyoka, kwa kuwa vidole havikuisikia. Nilinyoosha mkono, akaniambia niache. Ya pili ilivunjika. Ya tatu ikashika, akaiingiza chini ya makaa, akapuliza.

Kufuli nililing'oa siku hiyo hiyo. Sasa anaingia karakana anapotaka, anakagua mbao kwa mkono wa kushoto, na mara nyingine anakosea. Umeme ukikatika naachia swichi, nachomoa fishi, naitundika kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo ataiona akiingia. Huwa anaitazama kabla ya kunisalimia. Kuhusu ile miezi, hajaniambia kitu.