Viwavi Hawafi, Lawama Nabeba Mimi

Ndugu Mhariri, ukiichapa barua hii usitaje jina langu wala la kijiji chetu. Sema tu ni mama mmoja wa huku Tabora. Nina miaka kumi na tisa, niliishia darasa la nne, na nina binti mmoja, bado ananyonya.

Tulihamia kijiji cha ujamaa mimi, mume wangu na mama mkwe. Shamba letu la pamoja ni la kabichi, tunauza mjini, Isevya. Mwanzoni bwana shamba alileta dawa, tukapuliza, viwavi wakafa wote, tukapiga vigelegele. Basi tukawa tunapuliza kila tukiona jani limetoboka. Siku hizi tunapuliza na hawafi. Kiwavi mwenyewe mdogo, wa kijani. Ukimgusa anajitupa kwa uzi wake, ananing'inia, halafu anapanda tena kula. Kabichi zimekuwa chekecheke.

Kwetu mzazi haingii shambani kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, wanasema huleta wadudu. Cha binti yangu hakijadondoka, zamu ya nyumba yetu kuchota maji ya kuchanganyia dawa shambani ikafika. Mume wangu alikuwa Igunga. Mama mkwe mgongo ulimbana, akaniambia, "Nenda mwanangu, mtoto nitamshika. Nani atakuona?" Nikaenda. Nikaonekana.

Tangu hapo kila kiwavi ni wangu. Kisimani naitwa Mama Viwavi. Bwana shamba alisema mkutanoni, "Jamani, wadudu wameizoea dawa. Wale waliopona ndio wamezaa hawa." Mzee mmoja akadakia, "Dawa ya serikali izoewe na kiwavi? Basi mpeni na kadi ya chama!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bwana shamba ameagiza dawa nyingine, haijafika.

Mume wangu aliporudi aliniuliza mbele ya mama yake, "Mama hakukukataza? Ukamkaidi?" Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. Nikamchukua mtoto, nikatoka nje.

Sasa mume wangu mtoto hambebi tena. Anasema mkutano ujao, tukimaliza kuvuna tumbaku ya mashamba yetu wenyewe, nisimame niombe radhi kwa kumkaidi mama na kuharibu shamba la wenzangu. Nikikataa ananirudisha kwa wazazi wangu, na mtoto akiacha ziwa watamchukua, maana ng'ombe wa mahari walishatoka.

Wala mama mkwe si mbaya, ndugu zangu. Mtoto huyu alimpokea kwa mikono yake. Juzi alinikuta nalia jikoni, akanisogezea uji, akasema taratibu, "Vumilia mwanangu. Mimi wakinizomea, na uzee huu nitakwenda wapi?" Nikaunywa uji ule, nikashindwa hata kumchukia.

Nikisema kweli namvua nguo mzee wa watu mbele ya kijiji, na mume wangu huenda asinisamehe. Nikiomba radhi, halafu dawa mpya ikaja viwavi wakafa, watasema wamekufa kwa sababu nimetubu, na binti yangu atakua akiambiwa mama yake ndiye aliyewaleta.

Mama zangu na dada zangu mnaosoma ukurasa huu, mngekuwa mimi mngesimama mkasema nini? Nipeni neno mapema, kabla ya mkutano. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe.