Kichupa cha Resiato

Resiato wa Elerai hushona majoho ya kwaya, na mafundi wenzake hupenda kumtania kwamba anatunga sindano hata gizani. Mwezi wa sita utani huo ulikwisha ladha. Jicho lake la kulia lilianza kumwonyesha vimulimuli mchana kweupe, na kila akiitazama sindano, tundu halipo. Aliogopa, tena sana, maana jicho ndilo lililokuwa likiilisha nyumba yake.

Mama mkwe wake Naipanoi, ambaye Resiato humwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, alikuwa na jibu tayari.

"Utomvu wa mti, mwanangu. Matone mawili tu. Unachoma, halafu jicho linapona."

Nyumbani mle hakuna aliyewahi kumbishia Naipanoi. Resiato aliomba kwanza aende hospitali, akaruhusiwa kwa mguno.

Daktari alimtia dawa ya kupanua mboni, akapiga picha ya ndani ya jicho, kisha akamgeuzia kompyuta. Ukuta wa nyuma wa jicho ulikuwa na rangi ya chungwa, umenyunyiziwa vidoa vyeupe kama unga uliomwagika sakafuni. Kifua kikuu na kaswende navyo huacha madoa ya kufanana na hayo, kwa hiyo alipimwa damu na kifua, akaonekana salama. Picha nyingine, ya tabaka za jicho, ikamaliza ubishi: ni uvimbe ambao huja wenyewe na kwa kawaida huondoka wenyewe.

"Na dawa, daktari?"

"Hakuna. Urudi baada ya wiki kadhaa tupige picha nyingine. Ila usitie kitu chochote humo."

Sasa mtu atatokaje hospitali mikono mitupu? Naipanoi angesema wamemfukuza, na utomvu ungefika mezani kabla ya chai. Resiato akatafuta kichupa cha zamani cha dawa ya macho, akakiosha, akakijaza maji. Kila asubuhi, mama mkwe akitazama, alifumba jicho, akadondosha tone juu ya kope na kupangusa. Alijisikia vibaya kumdanganya mzee, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

Vidoa vikafifia. Picha ya mwisho ilikuwa safi, na tundu la sindano likarudi mahali pake.

Siku hiyo hiyo Naipanoi alimfuata kwenye cherehani.

"Nitilie na mimi, mwanangu. Hili la kushoto lina ukungu."

Resiato alikishika kichupa. Angeweza kudondosha tu, mzee akafurahi na kuendelea kupofuka.

"Nisamehe, yeyo. Ni maji."

"Maji ndiyo yamekuponya?"

"Jicho limepona lenyewe. Maji yalikuwa ya kukuzuia wewe usinitie utomvu."

Naipanoi akakaa kwenye kiti cha wateja. Alilifunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Hili nililitia utomvu mwaka jana," alisema. "Lilikuwa linawasha kidogo tu."