Sauti Yangu Redioni, Jina la Mwanamke Mwingine

Siku niliyojisikia naimba redioni, daktari alikuwa amenikataza hata kupiga hodi kwa sauti.

Ilikuwa Jumatano mchana. Niko saluni, nimekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Msusi akaja akaizima, akaongeza redio.

Nikajisikia.

Sisemi mtu anayefanana na mimi. Ni mimi. Naimba wimbo niliourekodi miezi mitano nyuma, wimbo ambao haujatoka, uko studio, umefungiwa.

Msusi akaacha kitana hewani. "Dada, huyu si wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akasema, "Huyo ni Chiriku, kutoka albamu yake mpya ya kuwaenzi waimbaji wa zamani. Sauti ya kumtoa nyoka pangoni hiyo."

Nyoka kweli, nikajisemea.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Baba yangu alikuwa mwimbaji wa hotelini. Walimwita Hariri. Aliimba jazi, lakini ile ya taratibu, nyimbo za mapenzi za ng'ambo za kabla hata yeye hajazaliwa. Zile za wanaume wenye suti na tai ya kipepeo, wanaoisogelea maikrofoni kama wanaiambia siri. Alizijifunza zote kwenye santuri, maana shule ya muziki hakuwahi kuikanyaga.

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Alinibandika jina Kipaza, kwa sababu nilipozaliwa nililia mpaka wodi ya pili wakaja kuuliza kuna nini.

Jumapili ilikuwa siku yangu. Ananipandisha juu ya meza ya jikoni, ananifundisha, huku ameziba sikio la kushoto kwa kiganja ajisikie vizuri. Mpaka leo nami naziba la kushoto. Siku nyingine alikuwa kazini, na Alhamisi ilikuwa ya mazoezi ya bendi, usimtafute.

Sasa shikeni hapa, maana kesi yote iko hapa.

Kuna wimbo mmoja wa mwanaume aliyesimama mlangoni kwa mpenzi wake, mvua inamnyeshea. Baba aliujifunza kwenye santuri iliyokuwa na mkwaruzo. Ubeti wa pili, mstari wa tatu, sindano inaruka. Nusu ya mstari inapotea, unajikuta uko kwenye kiitikio.

Baba hakuwahi kusikia nakala nyingine. Akaushika wimbo pamoja na mruko wake.

Baadaye watu walimwambia, "Mzee, hapo unakosea." Akajibu kwamba yeye na santuri yake wameshazoeana. Kila bendi iliyompigia ilibidi ifundishwe kuruka. Wapiga besi walimlaani sana, Mungu awasamehe.

Santuri yenyewe sikuwahi kuiona nikiwa na akili zangu. Aliniambia ilivunjika tulipohama nyumba, nikiwa na miaka saba.

Kwa hiyo waimbaji wanaoruka pale, dunia nzima, walikuwa wawili. Baba na mimi. Na Baba ana miaka tisa kaburini.

Chiriku, redioni, aliruka.

Haya, sasa nani alikuwa na sauti yangu? Mtu mmoja tu. Anko.

Anko alikuwa mpiga piano wa Baba. Si ndugu wa damu, lakini nimekulia mgongoni kwake. Nilipoolewa Baba hayupo, yeye ndiye aliyesimama mahali pake. Ana studio ndogo juu ya duka la vitabu, kuta amezibandika trei za mayai kuzuia mwangwi, na mchana anafundisha watoto piano.

Kwa miaka miwili tulikuwa tunatengeneza albamu ya kumuenzi Baba. Nyimbo kumi na mbili alizozipenda. Tukarekodi saba, sauti ikaanza kukwama. Daktari akakuta kinundu kwenye koo, akakitoa, akanikalisha chini.

"Miezi sita usiimbe. Ukiongea, nong'ona. Na siwezi kukuahidi kwamba sauti itarudi ile ile."

Mnaelewa maana yake? Zile nyimbo saba huenda ndizo zilikuwa mwisho wa sauti yangu duniani. Nikamwachia Anko, nikamwambia, "Nitunzie." Akasema, "Kama mboni ya jicho."

Sasa nimetoka saluni nywele hazijakauka, naenda kumuuliza habari za mboni ya jicho.

Nilimkuta anapangusa vinanda kwa kitambaa. "Kipaza mwanangu, mbona unahema?"

Nikanong'ona, "Umemuuzia Chiriku sauti yangu."

Kumtukana mtu kwa kunong'ona ni kazi ngumu, msione hivi. Hasira inataka kelele. Mimi ilibidi nimsogelee mzee wa watu mpaka sikioni, kama ninamwambia jambo la heri.

"Umesikia wapi?" akauliza.

"Redioni. Wimbo wa mlangoni."

"Ameruka pale?"

"Ameruka."

Akakaa kwenye kile kistuli cha piano. Nikakusoma kule kukaa kama hati ya kukiri kosa.

Kisha akachukua bahasha ya kaki iliyokuwa juu ya piano, akanisukumia. "Chukua hii kwanza. Nilikuwa nasubiri upone. Soma kava."

Nikaipiga kwa kiganja, ikaruka mpaka chini ya kabati. Niliona ananipoza. Mtu ananiibia koo halafu ananipa bahasha.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanihimiza nirekodi haraka haraka kabla ya upasuaji," nikamwambia. "Baba angejua anakula na nani, angekufa mapema zaidi."

Akachungulia chini ya kabati. "Kuna neno moja ningeweza kukuambia sasa hivi. Lakini si langu. Soma kava, mwanangu."

Sikusoma. Nilichomoa diski yenye nyimbo zangu, nikaondoka.

Sikuishia hapo, na hapa ndipo ninapoona haya. Tuna kundi la wanamuziki kwenye simu, watu mia mbili na kitu. Nikaandika: Anko ni mwizi, ameuza sauti ya binti wa marehemu rafiki yake. Nikabonyeza kutuma.

Kikulacho ki nguoni mwako, mmoja akajibu. Wakamtoa kwenye kundi siku hiyo hiyo. Wiki haikuisha, wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao studio. Sikia uzito wa neno mwizi kwa mtu wa miaka sitini na nane anayefundisha watoto.

Yeye hakujibu kitu. Hata nukta.

Nami nikasema, si unaona? Asiye na kosa angejitetea.

Chiriku alikuwa anazindua albamu yake Jumamosi alasiri, ukumbi wa hoteli, waandishi wamealikwa. Nikapanga yangu. Nina spika ndogo, nina nyimbo zangu kwenye simu. Akianza kuimba, na mimi nabonyeza. Waandishi wasikie sauti moja ikitoka sehemu mbili, halafu tuone nani mwenye mali.

Nilifika asubuhi ili nichague kiti. Kwenye korido tu nikajisikia tena, ubeti wa kwanza wa wimbo wa mlangoni. Nikasema, watu hawa hawana aibu, wanajaribia vyombo kwa kitu cha wizi.

Nikasukuma mlango.

Jukwaani kulikuwa na mwanamke mwembamba, ana ndala miguuni na rola kichwani. Katikati ya ubeti akakata, akamgeukia mpiga ngoma: "Punguza, baba, unanifukuza." Akaendelea pale pale alipoachia.

Sauti iliyorekodiwa haimwambii mpiga ngoma apunguze.

Ilikuwa sauti yake. Inatoka kooni kwake, mbele ya macho yangu, bila mashine. Na kiganja cha kushoto kilikuwa kimeziba sikio la kushoto.

Nikakaa kiti cha nyuma kabisa.

Wakafika ubeti wa pili, mstari wa tatu. Bendi ikaruka, mpiga besi akabaki nyuma, kikatokea kishindo. Mpiga besi akauma meno. Mwanamke akacheka. "Hapo tunaruka, kaka. Nimeshawaambia. Ndivyo nilivyofundishwa."

Ndipo akaniona. Kicheko kikakatika. Akashuka jukwaani taratibu, rola moja ikamdondoka, hakuiokota.

"Dada Kipaza," akasema.

Jina hilo hulisikii redioni. Ni la nyumbani.

"Nani amekuambia mimi ni dada yako?" nikanong'ona.

"Baba."

Sikuuliza baba gani. Nilikuwa ninamwangalia paji la uso, na paji la uso lile nimelikuta kwenye kioo kila asubuhi kwa miaka arobaini na moja.

Akakaa kando yangu. Akaniambia yeye ni mdogo wangu kwa miaka minne. Mama yake alikuwa mpokea wageni wa hoteli ile ile aliyokuwa akiimba Baba. Baba alikuwa anakwenda kwao kila wiki, siku moja tu, anampandisha juu ya meza ya jikoni, anamfundisha.

"Siku gani?" nikauliza, na jibu nilikuwa nalo.

"Alhamisi."

Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa taulo. Nilikijua kabla hajamaliza kukifunua. Santuri. Nzima. Ina mkwaruzo mmoja tu, mfupi, kama ukucha.

"Aliileta kwetu nikiwa mdogo. Alisema kwenu mmehama, hamna nafasi."

Jamani, mwanamke mwingine niliweza kumeza. Mtoto mwingine, hata sikio langu lilikuwa limeshaanza kumzoea. Lakini ile santuri. Miaka yote niliamini imevunjika, niliihuzunikia kama mtu. Kumbe alinidanganya machoni, Jumapili, huku ananifundisha wimbo wake, na kitu chenyewe amempa mwingine.

Nililia bila sauti. Hata kulia kwa kelele daktari alikuwa amenikataza.

Chiriku akauliza, "Kwani hukupata bahasha? Nilimpa Anko miezi miwili iliyopita. Akasema anasubiri upone, maana ukisoma utapiga kelele."

Bahasha. Nilitaka ardhi ipasuke nijitose.

Akanipa nakala nyingine ya albamu yake. Nyuma ya kava, kwa maandishi madogo: Kwa Baba, aliyekuwa wetu Alhamisi. Na kwa dada yangu Kipaza, ambaye siku moja atanijua.

Maneno kumi na manne. Kusoma kwake hakumalizi hata pumzi moja.

Nilimpigia mama nikiwa kwenye ngazi za hoteli. Nikanong'ona yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mwanangu, santuri ikivunjika huacha vipande. Ile nyumba niliifagia mwenyewe siku ya kuhama. Sikuokota hata kimoja."

"Ulijua?"

"Nilijua kitu kimeenda mahali. Nikaamua nisipajue."

Basi nilikuwa peke yangu. Kila mtu mzima niliyempenda alikuwa na kipande cha habari, na mimi ndiye niliyebaki nikiimba.

Nikaenda studio. Viti vya watoto vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, ukutani. Anko alikuwa amekaa dirishani, hana la kufanya. Bahasha ilikuwa imerudishwa juu ya piano.

Nilipiga magoti. Sikujali zulia wala umri wangu.

"Nimesoma kava," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Baba yako aliniapisha mkono kwenye piano hii. Nilikuwa kijana, nikadhani nimepewa heshima. Kumbe nimepewa mzigo."

"Ungejitetea, Anko. Neno moja tu."

"Kujitetea kwangu kungekuvunjia baba. Nikaona heri unione mimi mwizi, nimeshakula chumvi nyingi."

Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaisha. Siku ile ile niliandika kwenye lile kundi kwamba mwongo ni mimi, nikawapigia wazazi wa watoto mmoja mmoja. Wengine wamerudi. Watatu hawajarudi hadi leo, na sina wa kumlaumu.

Lakini pia nilimwambia Anko kwamba amenikosea. Miaka zaidi ya thelathini ananiangalia usoni, anajua. Akasema, "Ni kweli." Tukaachia hapo, hatujamaliza.

Sauti yangu imerudi, ina mchanga kidogo kwa chini. Tunamalizia nyimbo tano zilizobaki. Chiriku anaimba nami mmoja, na wahandisi wa sauti hawawezi kututofautisha.

Wimbo wa mlangoni nilisema tuurudie upya, na safari hii haturuki. Tukatafuta nakala nzima, tukaujifunza ule mstari uliopotea. Mstari wenyewe wala si wa ajabu, jamaa anasema viatu vyake vimelowa.

Tukaanza. Ubeti wa pili, mstari wa tatu. Mimi nikaimba mstari wote, sawasawa. Vidole vya Anko vikaruka vyenyewe.

Tukarudia. Safari hii Anko akabaki, mimi nikaruka.

Kuna mambo mtu amekupandikizia kabla hujajua kumkatalia. Baba sijamsamehe bado, nisiwadanganye. Bado namuimba.

Funzo langu ni dogo tu. Aliyekudanganya maisha yote anaweza kuwa ndiye unayemwekea maua, na uliyemwita mwizi mbele za watu ndiye aliyekuwa anakufichia aibu. Kwa hiyo mtu akikusukumia bahasha, ifungue kwanza. Matusi hayaozi, utayakuta.